Mgeni Hapewi Jina

3 Machi

Mdogo wangu Kiberiti,

Marahaba nakuandikia kabla hujaniamkia, maana nikiisubiri shikamoo yako nitazeeka. Huku hatujambo. Mama yuko na magoti yake: asubuhi yanamgomea, mchana yanampa ruhusa ya kwenda kuwasengenya majirani. Shemeji yako amemtengenezea mtu redio, sasa inashika kituo kimoja tu, tena saa ya matangazo ya vifo, na bado anataka aitwe fundi. Mpwa wako ameng'oka meno mawili ya mbele na anakusalimu kwa herufi zilizombakia. Mimi nashona sare za shule mpaka nimekosa pa kulala, zimejaa hadi kitandani.

Mama anauliza wewe, msimamizi wetu, unatoka kazini saa ngapi. Nami nauliza hilohilo, na si mara ya kwanza. Simu ukiipokea unasingizia mtandao, ndiyo maana tumerudi kwenye karatasi kama wazee. Barua hii namkabidhi yuleyule dereva wa lori la mbao. Anasema unamtaka aiache duka la kona badala ya kukuletea kazini. Makubwa.

Sasa jambo lenyewe. Unajua nawalea mbwa wa kituo cha mama daktari wa mifugo. Yeye anawaokoa, mimi nawauguza na kuwanenepesha, wakipata nyumba ya kudumu wanaondoka. Safari hii ameniletea dume la rangi ya vumbi. Alimkuta nyuma ya gereji iliyohama. Wenyewe walibeba vyuma vyote, hata misumari waling'oa ukutani, wakamwacha yeye na mnyororo wake. Mnyororo ulikuwa umeingia shingoni, nyama imeota juu yake. Mama daktari aliutoa kwa koleo, mimi nikashika kichwa. Hakulia. Tangu siku ile nina hasira ambayo sijui niitue wapi, na kwa kuwa wewe ndiye ndugu yangu, naitua kwako.

Hapa soma taratibu, najua tabia yako ya kusoma salamu na kuruka mengine. Nilipomwachia uani, hana kamba wala nini, alianza kuzunguka. Duara lilelile, upana uleule wa mnyororo aliouzoea, mpaka majani yakafa. Mama daktari akasema mbwa aliyefungwa sana ndivyo afanyavyo. Ukimwona anazunguka ujue yuko kwenye mnyororo, kama si wa shingoni basi wa rohoni. Nikawa naketi katikati ya duara na sindano yangu, nashona vifungo. Siku moja akaacha kuzunguka, akanijia moja kwa moja, akaweka kichwa juu ya sare za watu. Hajazunguka tena.

Hatujampa jina. Ndiyo kanuni yangu kwa wote: anayempa jina ndiye mwenyewe, na ukishampa huwezi kumtoa. Wote tuliwaita Mgeni, na huyu ni Mgeni. Shemeji yako anasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe gani? Huyu hata kubweka habweki. Na hapo ndipo penye balaa. Mwenye duka la vipuri alikuja kumwona, akauliza "Anabweka?", nikasema hapana, akaondoka bila kuaga. Akaja mwalimu mstaafu, akalitazama kovu la shingo, akasema mbwa huyu ana sura ya mwizi. Nilimwambia, mwalimu, kwa sura zetu hizi sote tungekuwa jela. Hakucheka.

Na mwenye nyumba ameshatoa neno: mwisho wa Aprili, ama mbwa ama cherehani yangu barazani. Akirudi kituoni ni kwenye kizimba, na mama daktari anasema huyu akiingia kizimbani ataanza tena kuzunguka, na safari hiyo hatatoka. Humjui mtu huko mwenye ua na moyo?

Dada yako.

*

29 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itawakuta mkiwa wazima, na magoti ya Mama yakiwa yamerudi kazini. Mwambie mpwa wangu asipeleke ulimi kwenye pengo, meno yatatoka kombo. Huku kuna joto sana. Juzi kulinyesha, jana hakukunyesha.

Nyumba ya mbwa imepatikana. Tena usitafute kwingine. Bosi wangu ana ua mpana wenye ukuta, ana watoto wawili, na amekuwa akisema anataka mbwa. Nilipomtajia tu, akanipiga bega mbele ya watu. Kazini mambo ni mazuri, kuna habari za kupandishwa, lakini sitaki kupiga ngoma kabla ya harusi.

Mpe dereva amlete haraka, bosi si mtu wa kusubiri.

Mwambie Mama mwanawe anakula vizuri.

Ndimi mdogo wako.

*

6 Aprili

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Mama ameisoma barua yako kwa majirani wote, hasa pale pa kupandishwa. Alipofika pa bosi kukupiga bega, alijipiga bega mwenyewe.

Hukusema unatoka kazini saa ngapi. Umeniandikia hali ya hewa.

Kuhusu Mgeni. Mama daktari hatoi mbwa kwa maneno. Lazima mlezi aende akaione nyumba kwa macho yake, na asipoweza kwenda, amtume ndugu anayemwamini kama nafsi yake. Nimemwambia ninaye. Kwa hiyo macho yangu ni wewe. Uone anapolala, uone maji yake, uwaone hao watoto wakimgusa. Na lililo kubwa kuliko yote: asifungwe. Si kwa mnyororo, si kwa kamba, hata siku ya wageni. Ukishaona hivyo, ndipo umkabidhi. Usipoona, kaa naye mwenyewe mpaka dereva arudi.

Nimemshonea mkanda wa shingo. Nje ni ngozi, ndani ni kitambaa laini cha vitanda vya watoto, usimkwaruze kovu. Mama, yule aliyeapa kwamba mbwa na yeye hawatakaa ua mmoja, asubuhi hii amempa mkate wake wote halafu akasema kauangusha kwa bahati mbaya. Shemeji yako amepata kazi ya ghafla nyuma ya nyumba tangu dereva alipopiga honi. Mimi niko sawa. Nina sare za watu za kumaliza.

Asifungwe. Nimeandika mara mbili kwa sababu yako.

Dada yako.

*

20 Mei

Dada mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa kukaa kimya. Kazi zimenibana. Natumai Mama hajambo, shemeji hajambo, na redio zake zinasema. Huku joto limepungua.

Mbwa wako alifika salama na amepokewa kama mfalme. Watoto wa bosi wanampenda. Ua unamtosha kabisa, ungemwona ungefurahi: anazunguka weee, kutwa nzima, raundi baada ya raundi, hachoki. Nimemwambia bosi, huyu ana furaha mpaka ameshindwa kuituliza. Ameshajichorea na njia yake pale uani.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, hili limekwisha. Lile la kupandishwa bado, lakini liko njiani.

Ndimi mdogo wako.

*

23 Mei

Wewe,

Leo hakuna salamu. Mama hajambo, hilo tu.

Nilikuambia usome taratibu. Nilikuandikia kwa mkono wangu kwamba mbwa yule akizunguka ujue yuko kwenye mnyororo. Hukusoma. Uliruka, kama ulivyokuwa ukiruka mistari ya kitabu cha shule ili uwahi kucheza, halafu ukakaa chini ukaniandikia uongo, na kwa ujinga wako ukaniletea ukweli wote ndani ya uongo huohuo. Anazunguka! Kutwa! Amejichorea njia! Watu wengine wakidanganya wanakuwa na akili ya kujificha, wewe umejificha nyuma ya kioo.

Mmemfunga mbwa wangu. Nilikaa chini kwenye vumbi miezi, nikamtoa kwenye lile duara, na wewe umemrudisha kwa lori. Nani alikutuma uwe macho yangu kama ulitaka kuyafumba? Njia ya mwongo ni fupi, lakini yako, mdogo wangu, haikufika hata mlangoni.

Hao watoto wawili wapo? Wanaitwa nani? Umewahi kuwaona?

Nataka afunguliwe siku utakayoipata barua hii. Dereva akipita tena, umpakie arudi. Kama bosi wako anataka kitu cha kufunga mnyororo, afunge geti.

Nimemwambia mama daktari kwamba Mgeni anaendelea vizuri. Sijawahi kumdanganya yule mama. Umenifanya nimdanganye, na hilo nalo nimeliandika kwenye deni lako.

*

30 Juni

Nimengoja jibu, jibu halikuja. Duka la kona wanasema barua uliichukua, ukaisomea palepale umesimama, ukaitia mfukoni.

Mama anaumwa magoti kweli safari hii, si ya kusingizia. Anauliza habari zako kila akiamka. Namwambia uko na kazi nyingi. Sasa nimekuwa hodari, nadanganya watu wawili.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, basi nikamtuma dereva asogee karibu. Mbwa ulimpokelea duka la kona, kwa hiyo nilimwambia aulize kwa bosi wako ni wapi, aende hadi getini, ajifanye ameleta mbao. Amerudi jana. Hakutaka kuketi, hakutaka chai. Nikajua.

Anasema hakuna nyumba. Hakuna watoto. Kuna stoo ya saruji na uwanja wa zege, na katikati ya uwanja kuna nguzo. Mgeni yuko kwenye nguzo. Mkanda niliomshonea haupo. Alipomwita alisimama kidogo, akatikisa mkia mara moja, akaendelea kuzunguka, maana mnyororo ulikuwa umeisha upande ule.

Nimelia, ndiyo, na nimevunja kikombe cha shemeji yako, kile anachokipenda.

Dereva akaniambia na jambo jingine, akiwa ameangalia viatu vyake. Anasema aliyemfungulia geti alikuwa mlinzi. Alikuwa amevaa kofia ameishusha usoni, na sweta la bluu lenye viraka vya kahawia kwenye viwiko. Hakusema ni nani. Sikumuuliza. Viraka vile nilivishona mimi.

Mama sijamwambia. Kwake wewe bado ni msimamizi. Lakini mimi na wewe hatuna tena cha kufichana, kwa hiyo niambie, uliona nini kila siku ulipofungua lile geti? Uliwezaje kupita karibu yake na bakuli lako la chakula?

*

14 Julai

Dada,

Shikamoo. Sijasahau adabu, hata kama wewe umeacha kunisalimu.

Haya. Umejua. Mimi ni korokoroni. Nalala kwenye kibanda cha getini ambacho nikinyoosha miguu mlango haufungi. Natoka kazini saa ngapi? Sitoki. Ndiyo jibu la swali lako, umelipata, furahi. Usimamizi nilikuwa nao kwa muda mfupi mahali pengine, pakafungwa, nami nikashindwa kumnyang'anya Mama neno ambalo ameshalizoea mdomoni.

Bosi alisema atakayemletea mbwa atahamishiwa ndani, kwenye kuhesabu mizigo, akalale kwenye chumba chenye dirisha. Mbele ya watu alisema. Nikasema nitamleta. Kuhusu mnyororo sikuambiwa mpaka mbwa alipokwisha kufika, na alipokwisha kufika alikuwa wa bosi, mimi ni nani? Huko ndani amewekwa shemeji wa bosi. Mimi bado niko getini.

Lakini usinipandie kichwani kana kwamba mikono yako imetoka kuoshwa. Mbwa huyu alikuwa kwako. Alikuwa ameshalala na kichwa kwenye sare zako. Kwa nini alitoka? Kwa sababu mwenye nyumba alikunja uso. Wewe ulimwogopa mwenye nyumba, mimi nilimwogopa bosi. Tofauti yetu ni ipi, dada? Ni kwamba wewe ulimshonea mkanda kabla ya kumfukuza?

Miezi yote hii unamlilia mbwa amelala wapi. Mimi uliwahi kuniuliza?

Na kuhusu bakuli langu la chakula, hukuwepo, kwa hiyo usilitaje.

Usiniandikie tena.

*

20 Julai

Mdogo wangu,

Nakuandikia tena. Tangu lini nikakutii?

Nimekuuliza. Nimekuuliza tena na tena, unatoka kazini saa ngapi, ulidhani nauliza kwa ajili ya saa? Wewe ukanijibu mvua na jua. Mficha uchi hazai, na wewe umejificha mpaka umeketi kwenye kibanda unanilaumu kwamba sikuoni. Nina hasira na wewe kiasi kwamba cherehani imenichoma kidole, damu ikaingia kwenye kola ya mtoto wa watu.

La mwenye nyumba nimelisoma. Nimelisoma taratibu.

Huyo mbwa amefunguliwa au hajafunguliwa?

*

2 Agosti

Dada,

Shikamoo. Niko maegesho ya malori. Dereva amekubali kusubiri niandike, kwa hiyo sitaandika vizuri.

Wezi waliingia stoo. Walipitia ukuta wa nyuma, wakabeba walichobeba. Mbwa aliwaona, lazima aliwaona, lakini unamjua, hakutoa sauti. Nami nilikuwa mbele getini, ndipo ninapolipwa kukaa. Bosi alikuja asubuhi na watu wake, akanifukuza palepale, hata blanketi alitaka nilikung'ute aone kama nimeficha kitu. Hilo nililitegemea. Halafu akaokota bomba la chuma, akaenda kwenye nguzo. Anasema, mbwa asiyebweka wa kazi gani.

Sikukuandikia ili kuomba radhi, usisubiri. Nakueleza lililotokea. Nilikwenda nikasimama kati. Nilimwambia, mpige huyu uone. Sijui nilisema "huyu" nikimaanisha nani. Bega langu la kushoto haliinuki leo, lakini halijavunjika, nimelichezesha. Wale watu wake walimshika bosi, wakamwambia bwana achana nao, wote wawili ni takataka moja. Basi takataka ikafungua mnyororo. Nimeuacha kwenye nguzo pale, auvae mwenyewe.

Aligoma kutoka. Geti wazi, hana kitu shingoni, naye anazunguka nguzo. Ikabidi niketi chini kwenye zege katikati ya duara, nimeshika bega langu nikimsubiri, na watu wa stoo wamesimama wananicheka. Unaona kwamba nilisoma. Nilichelewa, lakini nilisoma. Alichukua muda wake. Kisha akaja.

Na kwa kuwa ulitaja bakuli: tulikula pamoja, tangu wiki ya kwanza. Bosi alikuwa anasahau chakula cha mbwa. Nilikuwa namsogezea nusu mpaka mwisho wa mnyororo, na mimi nakaa upande wangu wa mstari. Mkanda wako nilimvua nikauficha kibandani, usikatwe na kile chuma. Amevaa sasa hivi.

Nilikuwa namwita Jirani, maana tulilala tukitazamana, mimi kibandani, yeye kwenye nguzo. Akisikia anageuka.

Dereva anakuja huko na mbao, Ijumaa anarudi. Nimemwambia sipandi lori lake bila neno lako. Sina kazi, sina mahali, nina bega bovu na mbwa bubu. Umeshazoea kupokea wa namna hii. Swali ni kama unapokea wawili.

*

5 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba.

Nimekasirika. Nakuandikia hilo kwanza usije ukafika hapa na meno nje. Nimekasirika kwa ajili ya mnyororo, kwa ajili ya uongo, kwa ajili ya Mama ambaye ilibidi nimketishe jana na kumweleza kila kitu. Unajua alisema nini? Alisema, "Kwa hiyo mwanangu analinda." Halafu akaenda zake kwa majirani kuwaambia ulikinga bomba la chuma kwa bega. Kufikia jioni wezi walikuwa kumi na wewe ulikuwa peke yako.

Mwenye nyumba alikuja nilipokuwa natoa sare kwenye chumba cha nyuma. Akauliza kuna nini. Nikamwambia anakuja mdogo wangu, na anakuja mbwa. Akaanza ile yake ya ama mbwa ama cherehani. Nikabeba cherehani, ile nzito, peke yangu, nikaitua miguuni pake, nikamwambia achukue, mbwa anabaki, na sare za watoto wake atashona yeye. Cherehani imerudi barazani, aliirudisha yeye mwenyewe akisaidiwa na shemeji yako. Nilipaswa kufanya hivyo Aprili. Basi, sisemi zaidi ya hapo.

Panda lori. Bega lako ataliangalia mama daktari, akishindwa utapelekwa kwa daktari wa watu. Ukifika usiniamkie mlangoni, nitakuwa bado na hasira. Mwache Jirani aingie kwanza, wewe umfuate.

Mama daktari, ambaye naye nimeshamweleza ukweli, alinituma nikuulize kama mbwa bado anahitaji kutafutiwa nyumba. Nimemwambia hapana. Huyu ameshapewa jina, na aliyempa jina ndiye mwenyewe. Sina mbwa wa kutafutia nyumba tena. Nina ndugu wa kutafutia kazi, na safari hii nitakwenda kuiona kwa macho yangu.

Dada yako.